Mbegu za kale za Komoro, Madagaska na pwani yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu matokeo ya utafiti wa mazao ya kale ya visiwa vya Bahari ya Hindi yalipotangazwa, maswali hayajakoma, na mengi yanatoka kwa watu waliozaliwa visiwani humo. Nimeyakusanya yanayorudi mara nyingi. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwa mstari mmoja.

Utafiti wenyewe ni upi?

Ni ule uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Proceedings of the National Academy of Sciences la Marekani, ukiongozwa na Alison Crowther akishirikiana na Nicole Boivin, Dorian Fuller, Mark Horton, Henry Wright, Chantal Radimilahy wa Madagaska na wengine kadhaa. Walichambua mabaki 2,443 ya mazao yaliyotambuliwa moja moja, kutoka makazi 18 ya kale yaliyoko Kenya, Tanzania, Komoro na Madagaska. Walitaka kujua watu wa kwanza kulima katika visiwa hivi walikuwa na mbegu gani, na mbegu hizo zilitoka upande gani wa bahari.

Si tunajua tayari kwamba Wamalagasi wana asili ya Asia? Mbegu zinaongeza nini?

Tunajua, lakini tulijua kwa njia zisizogusa ardhi. Tangu mwaka 1951, Otto Dahl alipoonyesha kwamba Kimalagasi ni ndugu wa karibu wa Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito kusini mashariki mwa Borneo, hakuna mtaalamu wa lugha aliyebisha kwa uzito. Baadaye vinasaba vikathibitisha kwamba Wamalagasi wa leo wana mababu wa pande mbili, Asia ya Kusini Mashariki na Afrika ya Mashariki. Kundi moja la watafiti lilikadiria mwaka 2012 kwamba wanawake waanzilishi waliotoka Asia walikuwa kama 30 tu, yapata miaka 1,200 iliyopita.

Ardhini ndiko kulikokuwa na shida. Kwa miongo mingi wanaakiolojia walichimba Madagaska na kupata vyungu vinavyofanana na vya pwani ya Afrika, vyombo vya Ghuba ya Uajemi na shanga za India, wala wasipate kitu ambacho wangekishika mkononi na kusema: hiki kilivuka kutoka Indonesia. Watu walisafiri zaidi ya kilomita 6,000, wakaacha lugha nzima kisiwani, na hawakuacha kigae kinachowataja. Mbegu ndizo zilizokuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo kutoka chini ya ardhi, na hicho ndicho kinachonifanya nizithamini kuliko kasri lolote la mawe.

Punje ya mchele inakaaje ardhini miaka elfu moja bila kuoza?

Haikai, isipokuwa imeungua. Katika joto na unyevu wa nchi zetu mbegu mbichi haimalizi hata misimu michache, kwani huliwa na wadudu na kuvu, au huota. Mbegu iliyodondokea pembeni ya jiko ikafunikwa na majivu ni habari nyingine. Moto ukiwa mkali na hewa ikiwa nyingi, hugeuka jivu na kupotea. Moto ukiwa wa wastani na hewa haba, hugeuka mkaa, na mkaa hauliwi na kitu.

Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu chakula cha watu hawa kimetoka kwenye ajali ndogo za jikoni: uwele uliomwagika wakati wa kukaanga, makapi yaliyotupwa motoni, choroko zilizounguzwa na mpishi aliyeitwa nje. Mbegu isiyoungua ikikutwa katika tabaka la kale, mtafiti makini huitilia shaka mara moja. Huenda imeletwa na sisimizi au panya, au imeteremka kwenye tundu la mzizi juzi tu.

Zinatolewaje udongoni? Mbona wachimbaji wa zamani hawakuziona?

Hawakuziona kwa sababu hawakuwa wakitafuta vitu vya ukubwa huo. Wengi walichekecha udongo mkavu kwa wavu wenye matundu ya milimita kadhaa. Kigae kilibaki juu, ulezi ukapita chini.

Njia inayotumika sasa ni ya maji, na haihitaji mtambo. Udongo wa kila tabaka hupimwa kwa lita na kumiminwa ndani ya ndoo ya maji, kisha hukorogwa taratibu kwa mkono. Udongo na mawe huzama. Mkaa na mbegu zilizoungua ni vyepesi, huelea. Maji ya juu humwagwa kwenye kitambaa chenye matundu ya chini ya nusu milimita, na kilichobaki hufungwa na kuanikwa kivulini. Ni kivulini, si juani, kwa sababu mkaa ukikaushwa upesi hupasuka, na kazi ya siku nzima hugeuka unga mweusi. Baada ya hapo ndipo hadubini inapoingia, na hiyo ni kazi ya miezi.

Kitu cheusi cha milimita nne kinajulikanaje kuwa ni choroko na si kunde?

Kwa umbo, na kwa kulinganisha na mbegu za leo zilizounguzwa makusudi maabara.

Punje ya mchele iliyoungua ni ndefu, bapa kidogo, na ina matuta yanayokimbia kwa urefu wake. Katika ncha moja kuna pengo la mshazari, mahali palipokuwa na kiini kilichodondoka wakati wa kuungua. Mtama ni wa duara na kovu lake la kiini ni kubwa, uwele umechongoka upande mmoja, ulezi ni kijidonge kidogo chenye ngozi ya vishimo vishimo. Choroko na kunde kwa kawaida huachana vipande viwili. Choroko ni ndogo zaidi, na ukiutazama uso wa ndani wa kipande kilichohifadhika vizuri, alama ya chipukizi huonekana na husaidia kuitofautisha na jamaa zake. Mbegu ya pamba hutambulikana hata ikiwa kipande tu, kwa ganda lake nene lenye tabaka.

Mchele una mtihani wa ziada. Afrika ina mipunga yake ya mwituni, hivyo haitoshi kusema "huu ni mpunga". Wataalamu hutafuta kikonyo, yaani sehemu ndogo ambapo punje iliungana na suke. Mpunga wa mwituni hujipukutisha wenyewe na kuacha kovu laini. Mpunga wa shambani hushikilia mpaka upurwe, hivyo kikonyo chake huwa kimechanika. Vikonyo ni vidogo kuliko punje, na mara nyingi hukutwa pamoja na makapi palipokuwa na kazi ya kutwanga.

Haya, ni nini kilipatikana na wapi?

Ramani iligawanyika pande mbili kwa namna ambayo watafiti wenyewe hawakuitarajia.

Upande wa kwanza ni bara la Kenya na Tanzania pamoja na visiwa vilivyo karibu nalo: Unguja, Pemba na Mafia. Huku, katika tabaka za kuanzia karne ya 7 na ya 8 BK, mazao yaliyotawala ni ya Kiafrika, yaani mtama, uwele, ulezi na kunde, pamoja na mbegu za mbuyu. Mazao ya Asia yapo kwa uchache, na zaidi katika bandari kama Unguja Ukuu, ambako vyombo vya Ghuba na shanga za mbali vinaonyesha kwamba meli zilikuwa zikitia nanga.

Upande wa pili ni Komoro na Madagaska. Huku hali inapinduka. Mchele, choroko na pamba ya Asia ndivyo vinavyojaa, na nafaka za Kiafrika ni chache. Katika Komoro hili linaonekana katika makazi kama Sima kisiwani Nzwani na Dembeni kisiwani Maore, ambayo kwa jumla ni ya karne ya 8 hadi ya 10. Madagaska ina Mahilaka, mji wa kaskazini magharibi uliozungukwa na ukuta, ambao Radimilahy aliufanyia kazi kubwa kabla ya utafiti huu.

Itazame ramani ya Afrika. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, iko kilomita 300 hivi kutoka Msumbiji. Dhoruba, upepo na majahazi yameunganisha pande hizi karne nyingi. Hata hivyo mkulima wa Sima na mkulima wa Tumbe kule Pemba, walioishi wakati mmoja na kutumia vyungu vinavyofanana, walikuwa na ghala zenye vyakula tofauti kabisa.

Haiwezekani mchele na choroko vililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu au Wahindi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na lazima lijibiwe kwa haki, maana mchele, choroko na pamba vyote vinalimwa India pia.

Fikiri njia ambayo mazao hayo yangepita. Biashara ya karne ya 8 na ya 9 kutoka Ghuba na India iligusa kwanza bandari za pwani ya Afrika. Kama wafanyabiashara ndio waliokuwa wakigawa mbegu, tungetarajia mchele mwingi zaidi Unguja Ukuu, palipojaa bidhaa zao, na pungufu zaidi kadiri tunavyokwenda kusini. Tunakuta kinyume chake. Tena, mzigo wa biashara wa gunia chache haubadilishi ulaji wa kijiji. Watu huhamia na kilimo chao pale wanapohama wao wenyewe, na mbegu zao, na desturi ya jinsi ya kuzitunza. Ukiunganisha hilo na lugha ya Madagaska na vinasaba vya Wamalagasi, wahamiaji wa Kiaustronesia, yaani wasemaji wa lugha za jamii moja na Kimalagasi na Kimaanyan, ndio maelezo yenye nguvu zaidi. Nasema hivyo nikikumbuka kwamba punje ya mchele haina pasipoti. Inatuambia kilicholimwa. Aliyekilima tunamfikia kwa kukusanya ushahidi mwingine pembeni yake.

Wangazidja na Wanzwani wanazungumza lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Chakula cha Asia kinaingiaje hapo?

Hapa ndipo utafiti ulipogusa moyo wa watu wa Komoro, na nawaelewa. Lugha za visiwa vinne, Shingazidja, Shindzuani, Shimwali na Shimaore, zimo katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili na Kimijikenda. Mtu anayezisikia hawezi kudhani Borneo.

Hata hivyo utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 na Nicolas Brucato na wenzake ulikuta kwamba Wakomoro nao wana mchango wa Kiaustronesia, mdogo kuliko ule wa Wamalagasi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata karne ya 8. Tarehe hiyo inakwenda sambamba na mbegu za Sima.

Watu wawili wanaweza kukutana kisiwani, lugha ya mmoja ikashinda na kilimo cha mwingine kikabaki. Huenda wasemaji wa lugha za Kiaustronesia walifika Komoro mapema wakamezwa na wahamiaji wa Kibantu waliokuwa wengi zaidi. Huenda pia walikaa pamoja tangu siku za mwanzo. Mimi naegemea hilo la pili kwa sababu ya vyungu: tangu tabaka za chini kabisa vina undugu na vya pwani ya Afrika. Mfinyanzi na mkulima wa mpunga waliishi nyumba moja, au angalau mtaa mmoja.

Ina maana wazee wetu wa pwani hawakula wali?

Wa mwanzo, kwa nadra sana. Najua wengi hawapendi kulisikia, kwa kuwa leo harusi ya Pemba bila wali si harusi.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka Pemba yenyewe. Katika mradi wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, Sarah Walshaw alichambua mimea ya makazi mawili yaliyo jirani. Tumbe ilikaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka ilifuata, kuanzia karne ya 11 hadi mwanzoni mwa ya 16. Tumbe uwele ndio uliotawala, na mchele ulikuwepo kidogo tu. Chwaka, mji wenye misikiti ya mawe, mchele umeshika nafasi ya kwanza.

Mabadiliko hayo yalikuja pamoja na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu, na Walshaw ameyahusisha na karamu na heshima ya kukirimu wageni. Jambo hili lina mantiki. Uwele huvumilia ukame na ardhi mbovu, mpunga hudai maji, palizi na mikono mingi. Mtu halimi mpunga kwa sababu ya njaa peke yake, anaulima kwa sababu anataka kuonekana ameweka sinia. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kufikia hapo wali ulikuwa chakula cha mgeni mwenye hadhi. Karne nne nyuma, mwandishi wa Kiarabu al-Masudi alipoandika juu ya nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, alitaja mtama na mmea wa mizizi uitwao kalari kuwa ndivyo vyakula vyao vikuu, akataja na ndizi.

Kwa hiyo atakayekuambia uji wa uwele ni chakula cha bara na wali ni cha pwani, mwonyeshe Tumbe.

Mbona hamzungumzii ndizi, majimbi, viazi vikuu na minazi? Hivyo ndivyo mazao ya Waaustronesia hasa!

Ni kweli, na kutokuonekana kwake kusikudanganye. Ndizi ya kulimwa haina mbegu. Majimbi na viazi vikuu hupandwa kwa vipande na kuliwa vikiwa laini, bila kuacha kitu kigumu cha kuungua kikatambulika. Njia ya ndoo na maji inapendelea nafaka na kunde, basi picha tuliyonayo imeegemea upande huo.

Mimea hii hutafutwa kwa njia nyingine. Majani ya mgomba huacha fitolithi, yaani chembe za silika zenye umbo kama mlima mdogo wa volkano uliotoboka juu, ambazo hubaki udongoni baada ya jani kuoza. Chembe za wanga za viazi na majimbi huweza kunasa kwenye ufa wa chungu au jiwe la kusagia. Yapo madai ya fitolithi za migomba za zamani mno huko Munsa nchini Uganda na Nkang nchini Kamerun, ambayo yangerudisha kuwasili kwa ndizi barani nyuma sana. Wataalamu hawajakubaliana juu yake, na mimi nisingejenga hoja juu ya msingi huo peke yake.

Nazi ni tofauti, kwani kifuu huungua vizuri na hudumu. Tatizo lake ni kwamba huelea yenyewe baharini, hivyo kuiona tu hakuthibitishi mpandaji. Vinasaba ndivyo vilivyosaidia. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina koo mbili kubwa, wa Bahari ya Hindi na wa Pasifiki, na kwamba Madagaska na Komoro ni miongoni mwa sehemu ambako koo hizo zimechanganyika. Nazi za Pasifiki hazikufika huko kwa kuelea.

Tarehe zinapatikanaje?

Kwa kaboni-14, kipimo cha umri wa vitu vilivyokuwa hai, inayopimwa siku hizi kwenye punje moja. Zamani ilibidi kupima bonge la mkaa wa kuni, na mti unaweza kuwa na umri wa miaka 200 siku unapokatwa. Punje ya mchele iliota na kuvunwa mwaka mmoja, hivyo tarehe yake ni tarehe ya mavuno.

Nimesoma kwamba Madagaska ilikuwa na watu miaka 10,000 iliyopita. Mbegu zinakanusha?

Hazigusi suala hilo. Madai hayo yanatokana na alama za kukatwa kwenye mifupa ya ndege wakubwa waliotoweka, yalitolewa mwaka 2018 na bado yanabishaniwa. Wawindaji wanaopita kisiwani hawaachi mpunga. Mbegu zinazungumzia wakulima waliokuja kukaa.

Wanyama je?

Kuku na panya weusi walitoka Asia, na mifupa yao iliyothibitishwa katika pwani na visiwa vyetu ni ya kuanzia karne ya 7 na ya 8 hivi. Njia waliyopita si lazima iwe ile ya mchele wa Sima, kwa kuwa panya hupanda meli yoyote. Ngalawa zetu zenye matengo pande mbili nazo huhusishwa na mafundi wa Asia ya Kusini Mashariki, ingawa mbao haziachi masalio ya kupimwa.

Afrika yenyewe haikupeleka kitu ng'ambo?

Ilipeleka, tena mapema zaidi. Mtama, uwele, ulezi na kunde vyote ni vya Afrika, na uwele ulikuwa umeshafika India zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mamilioni ya wakulima wa maeneo makavu ya India wanautegemea hadi leo. Sijawahi kuona jambo hili katika kitabu cha shule, nami naona ni hasara.

Nimekuta vigae, majivu na mkaa mweusi nikichimba msingi wa nyumba. Nifanye nini?

Simamisha jembe hapo kwanza. Usichekeche mwenyewe wala usiuoshe udongo, kwani mbegu iliyotolewa bila kujulikana tabaka lake haina cha kueleza. Piga picha ukiweka kitu cha kuonyesha ukubwa, andika kina kutoka juu, kisha funika kwa udongo uleule ili mvua isipapige. Toa taarifa: Zanzibar kuna idara ya makumbusho na mambo ya kale, Tanzania Bara Idara ya Mambo ya Kale, Kenya Makumbusho ya Taifa, na Komoro kuna kituo cha CNDRS kilichopo Moroni. Ukiulizwa ni kitu gani cha thamani ulichokiona, taja jivu kwanza, maana vigae hata mfanyakazi wa ujenzi huviokota, ila jivu hupakiwa kwenye toroli na kwenda kujaza shimo.